Washa Zote Sita

Nikimwambia mtu wa Biryogo, mtaa wetu wa Kigali, kwamba nafanya kazi Ndera, hucheka kwanza, kisha huniuliza kama ni ndani ya ukuta au nje. Ndera kuna hospitali ya wagonjwa wa akili, na midomoni mwa watu wa Kigali jina hilo limekwisha kuwa tusi na mzaha kwa pamoja. Huwajibu kwamba ni nje ya ukuta, ingawa kuna siku sina hakika. Nafanya kazi katika kiwanda kidogo cha chupa za plastiki, nyuma ya mashamba ya migomba yanayopungua kila mwezi kwa sababu ya nyumba mpya, na mashine ninayoisimamia inaweza kumfikisha mtu mzima ndani ya ukuta bila nauli.

Mashine yenyewe si ngumu kuieleza. Kuna vijichupa vifupi, vinene, virefu kama kidole cha kati, vinavyoletwa kwenye magunia vikiwa tayari vina shingo na nyuzi za kifuniko. Sisi huviita watoto. Watoto hupangwa kwenye mnyororo, mnyororo huwapitisha ndani ya tanuri huku wakizunguka, plastiki inalainika, kisha wanaingia kwenye kalibu, hewa inapulizwa kwa nguvu, na mtoto anatoka akiwa chupa ya juisi. Kazi yote iko kwenye tanuri. Ndani yake hamna moto wala waya mwekundu kama wa jiko la umeme. Mna taa sita, mirija myembamba ya kioo cha kwatzi, urefu wake kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, zinazowaka rangi ya chungwa. Joto lenyewe halionekani. Ni miale ya infraredi, inaipita hewa bila kuijali na kwenda kuipika plastiki moja kwa moja. Ukiweka kiganja mbele ya mlango wa tanuri, utakuta umekiondoa kabla hujaamua kukiondoa.

Taa hizi zina miiko yake. Hazishikwi kwa mkono mtupu, hata zikiwa baridi. Mafuta ya kidole, hata kidole kilichonawa, hubaki juu ya kwatzi, na taa ikiwaka huungua pale pale, kioo kinaingia weupe, penye weupe joto linakwama, na taa inakufa kabla ya siku zake. Sabuni nayo ni hivyo hivyo. Zikichafuka hupanguswa kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi, mkono ukiwa ndani ya glavu, basi. Haya nilifundishwa na fundi wetu, Mtanzania wa Mwanza, aliyekuja kuifunga mashine, akakaa wiki tatu, akarudi kwao. Tangu hapo hututibu kwa simu. Hajui Kinyarwanda hata cha salamu, Kiingereza chake ni kile cha kwenye maboksi, na maelezo yote aliyoyabandika kwenye mashine aliyaandika kwa Kiswahili, kwa kalamu ya wino mzito. Kwa hiyo sharti la Mzee, mwenye kiwanda, lilikuwa moja: anayetaka kazi ya mashine ile lazima amwelewe fundi kwenye simu.

Hapo ndipo nilipojiona nimefika. Mimi ni binti wa fundi cherehani wa Biryogo. Babu yangu alikuja kutoka pwani na mizigo ya vitambaa, na nyumbani kwetu tuliota kwa Kiswahili. Nilipokuwa shule ya msingi, mwalimu alinisimamisha mbele ya darasa kwa sababu nilijibu swali kwa Kiswahili, akasema hiyo ni lugha ya wahuni na wezi wa sokoni. Darasa likacheka. Sijasahau, na sina mpango wa kusahau. Leo lugha ile ile imekuwa lugha rasmi, watu wazima wenye tai wananiamkia kwa "habari ya asubuhi" saa kumi jioni, na mimi ndiye ninayeombwa msaada. Nikaweka sheria yangu juu ya ile ya Mzee: ndani ya chumba cha mashine, Kiswahili tu. Si Kinyarwanda, si Kiingereza. Na Kiswahili chenyewe kiwe kimenyooka.

Kisha Mzee akaniletea mama mmoja wa miaka hamsini na miwili.

Alikuwa amekulia Uganda, akafundisha Kiingereza huko katika shule za msingi kwa miaka mingi, kisha akarudi nyumbani na kukuta shule za hapa zinataka vijana wenye vyeti vipya. Alipewa majaribio ya miezi mitatu. Akifaulu, anaandikiwa mkataba wa kudumu, asipofaulu, kwaheri. Siku ya kwanza, tukiwa bado tunavaa ovaroli, aliniambia kwa Kinyarwanda kwamba hapa ndipo mwisho wa safari yake, maana hakuna kiwanda kingine Kigali nzima kitakachomchukua mwanamke wa umri wake. Nilimsikiliza. Halafu nikamwambia, kwa Kiswahili, kwamba humu ndani ni Kiswahili.

"Sawa, mwarimu," akasema. Hilo ndilo lilikuwa la kwanza.

Mikono yake ilikuwa hodari kuliko yangu, hilo naliandika mapema ili nisije nikaonekana mchoyo. Alipanga watoto kwenye mnyororo haraka, bila kuangusha hata mmoja, na chupa mbovu aliiona kabla haijatoka kwenye kalibu. Lakini mdomo! Kila kitu kwake kilikuwa "iko". Taa iko. Chupa iko. Mimi mwenyewe nilikuwa iko.

"Mwarimu, mtoto iko naanguka."

"Anaanguka. Mtoto anaanguka. Hiyo iko ni ya nini hapo?"

"Sawa, mwarimu. Iko anaanguka."

Nilikuwa nasonya. Sikusonya mara moja, nilisonya kutwa. Na si hiyo iko peke yake, na si hiyo r iliyokaa kila mahali panapotakiwa l, ambayo ni ugonjwa wa mji mzima na siwezi kumbebesha yeye peke yake. Kilichonimaliza ni kwamba alikuwa na nadharia. Aliniambia, kwa furaha ya mtu aliyeokota kitu barabarani, kwamba Kiswahili ni chepesi: ukikwama, unachukua neno la Kiingereza, unaliongezea herufi mwishoni. Shati. Benki. Boksi. Soksi. Polisi. Glavu. Aliyahesabu kwa vidole. Na ubaya wake ni kwamba nusu ya wakati alipatia, kwa hiyo huwezi kumwambia kwamba anakosea, unabaki umekunja uso tu.

Basi nikabaki nimekunja uso, wiki ya kwanza, ya pili, ya tano. Nikajizoesha kutosikiliza maneno yake. Nilisubiri amalize, nikaangalia anachoonyesha kwa kidole, nikafanya kazi kwa kile kidole. Niliona nimepata dawa.

Zilipobaki wiki mbili za majaribio yake, Jumanne moja, mvua ilininasa njiani, Remera. Haikuwa mvua ya kubembelezana. Dereva wa moto, ndivyo tunavyoziita pikipiki za abiria, aligoma, akaegesha, sote tukajibanza kwenye baraza la duka la simu. Saa ilikuwa inakwenda. Tanuri linahitaji muda wa kupata joto kabla ya kazi, na siku ile tulikuwa na oda ya chupa za juisi ambayo Mzee aliitaja kila alipopita. Nikampigia mama yule, ambaye alikaa jirani na kiwanda na hakuwahi kuchelewa hata dakika, jambo jingine lililokuwa likinikera. Mvua ilikuwa inapiga mabati, nikawa napaza sauti.

"Washa taa!"

"Taa ya tanuri?"

"Za tanuri. Za wapi tena?"

"Zote sita?"

"Zote sita!"

"Na mkono?"

Nilisonya mbele ya madereva sita wa moto. "Ndiyo, na mkono. Ulitaka uwashe na mguu? Washa zote, mama. Nikifika nikute tayari." Nikakata simu. Dereva mmoja akacheka, akaniambia kwa Kinyarwanda pole, wafanyakazi ni mtihani.

Nilifika saa tatu kasorobo, viatu vimejaa maji. Yeye alikuwa amesimama kando ya mashine, ovaroli imepigwa pasi, uso umetulia kama wa mtu aliyemaliza mtihani mapema. Tanuri lilikuwa baridi.

"Mbona hujawasha?"

"Nimewasha, mwarimu. Zote."

"Mbona zimezima?"

"Iko zimekauka."

Zimekauka. Nikajua ni yale yale. Mtu anasema taa zimekauka, utamuuliza nini? Sikumuuliza. Nilipita mbele yake bila neno, nikabonyeza swichi, taa zikawaka zote sita, zinameta kuliko siku zote. Hata hilo la kumeta niliona. Nikafikiri ni kwa sababu ya giza la mvua.

Siku ile kazi ilikwenda vizuri. Jumatano mchana chupa zikaanza kutoka na kibyongo. Upande mmoja plastiki nene, nyeupe kama imetiwa maziwa, upande wa pili nyembamba ya kupasuka ukiikamata. Nililaumu umeme. Nikalaumu magunia ya watoto yaliyoletwa wiki ile, nikayarudisha mawili stoo nikaleta mengine. Nikamlaumu mtu wa kompresa, naye akanijibu kwamba hewa yake haina upande, nikaona ananifanyia kiburi. Nilibadilisha mpangilio wa joto kila robo saa, mpaka nikasahau nilianzia wapi. Mama yule alikuwa akinifuata nyuma akikusanya chupa mbovu kwenye gunia, na alipofungua mdomo mara moja kusema "Mwarimu, mimi iko nafikiri...", nilimwonyesha kiganja. Akafunga mdomo. Alichokuwa anafikiri sikijui mpaka leo.

Alhamisi taa mbili zilikufa, moja baada ya nyingine. Nikampigia fundi Mwanza.

"Dada, zima kila kitu, lipoe, fungua tanuri unipigie picha," akasema. Nikafanya hivyo, sikuangalia hata nilichokipiga, nikamtumia. Haikupita dakika mbili akapiga.

"Dada angu, hizo taa kuna mtu kazishika. Tena hajashika tu, kazikanda! Angalia mwenyewe."

Nikaangalia. Juu ya mirija, kwenye kila taa, kulikuwa na madoa meupe yaliyoungulia ndani ya kioo. Kwenye taa ya tatu yalikuwa wazi kabisa: vidole vinne upande huu, dole gumba upande ule. Mkono mdogo, wa mwanamke.

"Nani ameshika taa?" nikauliza, na tulikuwa wawili tu chumbani.

"Mimi," akasema. Hakusita. "Mwarimu ulisema niwashe. Nikawasha. Na sabuni ya unga, na maji ya moto kidogo, nikafuta na kitambaa mpaka ikakauka."

"Nilisema uwashe!"

"Ndiyo. Wash." Akaonyesha kwa mikono yote miwili, kama mtu anayefua. "Wash-a."

Fundi alikuwa bado kwenye simu. Nilimsikia anavuta pumzi kule Mwanza, kisha akacheka mpaka akaanza kukohoa. Mimi sikucheka. Kwa Kinyarwanda ningesema "cana amatara", maneno mawili, na hata mtoto wa chekechea asingechukua sabuni. Hilo lilinijia hapo hapo, likiwa zima, na nililisukuma pembeni. Nikamgeukia yeye. Nikamwambia kuosha ni kuosha na kuwasha ni kuwasha. Nikamwambia nilimkataza siku ya kwanza kushika taa kwa mkono mtupu. Nikamwambia asiyejua maana haambiwi maana. Nilisema mengi, na nadhani hakuelewa nusu yake, lakini sauti aliielewa.

"Kukataza nakumbuka," akasema. "Ndiyo maana niliuriza mkono."

Ijumaa Mzee alikuja. Taa mpya ilibidi ziagizwe nje, mwenye juisi alikuwa anapiga simu kila saa, na Mzee, ambaye amekulia Tanzania na ana upole wa huko siku za kawaida, siku hiyo aliuacha nyumbani. Alisimama mbele ya tanuri lililo wazi, mama yule kushoto, mimi kulia.

"Sitaki hadithi," akasema. "Nataka jina."

Nikamtajia. Nilimtaja haraka, kwa jina lake la ubatizo na la ukoo. Kisha nikaongeza, "Hakuelewa Kiswahili, Mzee." Ilikuwa kweli, ndiyo maana ilinitoka kirahisi.

Mzee akamtazama. "Ni kweli?"

Yeye akanitazama mimi. Alinitazama kama mtu anayesubiri mwenzake amalizie sentensi. Nilikuwa na nafasi ya kusema kwamba nilimpigia simu, kwamba aliuliza, kwamba nilimjibu kuhusu mkono na mguu. Nikaangalia mnyororo wa mashine.

"Ni kweli, Mzee," akasema.

"Basi mashine hii haikufai, mama. Pole."

Zilikuwa zimebaki siku tisa za kazi katika majaribio yake. Alivua ovaroli, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya gunia la chupa mbovu. Akanishukuru. Hata kushukuru alikosea, alisema "asante ya kufundisha", na Mungu anisamehe, nilisikia kosa kabla ya kusikia shukrani.

Jumapili nilikwenda kula kwa mama yangu, pale pale Biryogo, kwenye nyumba niliyozaliwa. Mama anapenda kisa, na mimi nilikuwa nimechoka kukasirika, nikaona bora tucheke. Nikamsimulia. Nikaigiza sauti zote, nikaigiza yule mama, r zake na iko zake. Mama alicheka mpaka akaweka sahani chini.

"Rudia hapo kwenye simu," akasema akijifuta machozi kwa upande wa khanga. "Hapo aliposema na mkono."

Nikarudia. Taa ya tanuri? Zote sita? Na mkono? Mara ya kwanza nilikuwa nimeyasema maneno yale kwa sauti ya kuchekesha. Mara ya pili sauti ikanikataa, nikayasema kama yalivyo, na nikayasikia. Mtu anayejua kuwasha taa haulizi kama ni kwa mkono. Huyu alikuwa ananiambia, kwa maneno machache aliyokuwa nayo, kwamba kuna kitu hakikai sawa. Aliniambia mara tatu. Mama alikuwa bado anacheka. Nikamwambia chakula kimepoa.

Nyani haoni kundule, lakini akishaliona halali. Jumatatu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Mzee kabla hajafika. Nikamweleza simu yote, neno kwa neno, pamoja na mguu.

"Na Ijumaa ulikuwa wapi?" akaniuliza.

"Nilikuwa hapa, Mzee."

"Sikuulizi miguu. Mdomo ulikuwa wapi?"

Hakungoja jibu. Akagongagonga meza kwa kalamu, akasema kwamba mtu anayewahi kazini kila siku na anayeuliza kabla ya kufanya hapatikani hivi hivi. "Nenda kamlete. Siku zake tisa nimezisamehe. Aje asaini mkataba."

Nilitembea. Si mbali, unapita migomba, unapita nyumba tatu mpya ambazo hazijapakwa rangi, unakuta uzio wa miti ya miyenzi, ndipo kwake. Njiani nilikuwa nimejaa furaha ya mtu anayekwenda kutoa zawadi. Nilikwisha kupanga nitakavyosema, nitakavyoomba radhi, na atakavyolia kidogo, kisha tutarudi pamoja. Nilipofika kwenye uzio nikasikia vicheko. Nikasimama.

Alikuwa amekaa uani na majirani watatu, wanachambua maharage, naye anasimulia. Anasimulia kwa Kinyarwanda. Sikuwahi kumsikia akizungumza kwa zaidi ya pumzi moja, na sasa maneno yalikuwa yanamtoka kama maji ya bomba. Alikuwa mcheshi. Alikuwa mcheshi kuliko mimi, na Biryogo nzima inajua mimi ni nani kwenye mambo hayo. Alijua pa kunyamaza, alijua pa kushusha sauti, aliwaacha wale wanawake wanasubiri na punje za maharage mkononi. Alikuwa amefika kwenye sabuni. Kisha akafika kwangu. Akanyanyuka, akakunja uso, akashika kiuno, akasonya ule msonyo mrefu, wenyewe kabisa, na jirani mmoja akaanguka juu ya mkeka kwa kucheka.

Mkuki kwa nguruwe. Nilitaka kurudi nilikotoka, ila mbwa wa jirani alibweka, wakageuka wote wakaniona.

Majirani walikumbuka shughuli zao kwa pamoja. Yeye aliniletea kiti, akanipa maji ya kunywa, akaketi. Nikaanza kwa Kiswahili, kwa mazoea, akaninyanyulia mkono kidogo, bila ubaya.

"Hapa ni kwangu," akasema kwa Kinyarwanda. "Hapa tuzungumze."

Nikamweleza. Simu, Mzee, mkataba, radhi. Nilisema yote, na nilisema vizuri, maana Kinyarwanda nakijua pia. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Akasema anashukuru, na kwamba amefurahi nimekwenda kusema, kwa sababu lile la Ijumaa lilikuwa limemuuma kuliko kupoteza kazi. Halafu akasema harudi.

Nilidhani sikusikia. Nikamkumbusha maneno yake mwenyewe ya siku ya kwanza, kwamba hakuna kiwanda kingine kitakachomchukua.

"Hakuna," akasema. "Najua."

"Sasa?"

Akachukua punje chache za maharage, akaanza kuzichambua wakati anazungumza, hakuniangalia.

"Nilikuwa nikiamka, kabla hata ya kunawa uso, napanga maneno nitakayokuambia siku hiyo. Natafuta yale ambayo hayatakukasirisha. Nikipata matano naenda kazini. Nimefundisha watoto miaka ishirini na mingapi sijui, watoto wagumu kweli, na sikuwahi kumfanya mmoja aogope kufungua mdomo. Siku ile ya simu nilijua kuna neno limekwenda vibaya. Mtu hatumwi kuosha taa aliyokatazwa kuishika. Nilikuuliza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne nilikuwa nayo hapa." Akagusa shingo. "Nikaona bora niharibu taa."

Nilimwambia nitabadilika. Nilimwambia sheria ya Kiswahili nimeifuta. Akatabasamu, akasema anaamini nitajitahidi, lakini yeye ana miaka hamsini na miwili na hana muda wa kusubiri uso wa mtu ukunjuke. Kisha akanisindikiza hadi barabarani, kama inavyotakiwa kumsindikiza mgeni, na njia nzima alinisimulia habari za shamba la jirani na fensi mpya, mambo ya kawaida tu, akanichekesha mara mbili. Nilicheka kweli. Hapo ndipo nilipotaka kukaa chini katikati ya njia nilie, kwa sababu nilikuwa nimekaa chumba kimoja na mwanamke huyu wiki kumi na moja, na nilikuwa namwona kwa mara ya kwanza anaponiaga.

Nilirudi kiwandani. Mzee alikuwa uani anapokea simu ya mwenye juisi, akaikata aliponiona niko peke yangu.

"Yuko wapi?"

"Harudi, Mzee."

"Harudi? Bado ana kinyongo cha zile taa? Umemwambia yamekwisha?"

"Nimemwambia," nikasema. "Ya taa amekwisha kuyasamehe. Mtu ambaye hataki kumrudia ni mimi."

Mzee alinitazama, akangoja nieleze. Ikabidi nieleze, pale pale uani, watu wa kompresa wakisikia.